Jaribio la Kumrudisha Roza

Simu ilitetemeka ndani ya kikombe cha bati, ikagonga kijiko kilichokuwa humo, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Roza aliiweka pale kila usiku kwa sababu kikombe kilikaa dirishani, na dirishani ndipo mtandao ulipopatikana. Alikuwa ameshaamka. Mwezi wa sita wazee wa Kihesa, Iringa, huamshwa na baridi kabla ya jogoo. Alinyoosha mkono, akaisogeza simu karibu na macho, lakini bila miwani aliona mistari tu. Akairudisha kikombeni.

"Hawa watu wa mtandao hawalali," alinong'ona, akavuta blanketi.

Hakujua kwamba ujumbe uleule ulikuwa umewafikia wanachama wote wa Umoja wa Kuzikana wa Tusiachane, kuanzia Kihesa mpaka Ilula, na hata wale waliohamia Mbeya. Ulisema: Ndugu mwanachama, tunasikitika kukutangazia kifo cha mwenzetu Roza Kalinga. Msiba uko nyumbani kwake Kihesa. Fika mapema.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Waridi, jirani yake, muuza maandazi. Alikuja amejifunga kanga kiunoni, chupa ya chai kwapani, analia polepole kama mtu anayeogopa kuwaamsha watoto. Aligonga. Mlango ukafunguliwa na marehemu.

"Bi Waridi? Kuna nini alfajiri yote hii? Nani amekufa?"

Waridi alimtazama kutoka kilemba mpaka kandambili. "Wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye uliyekufa, Mama Helena. Nimeletewa ujumbe."

Roza alifikiri kidogo. "Basi ingia ndani. Utapigwa na baridi."

Waridi aliingia. Hakupiga kelele wala hakuuliza zaidi. Aliketi, akafungua ile chupa aliyowaletea wafiwa, akammiminia Roza kwanza. Chai nyingine ilimwagika mkekani, na Roza akajifanya hakuona.

*

Kalista, mjukuu wa Roza, alikuwa amelala sebuleni karibu na kompyuta yake. Aliifanyia kazi kampuni moja ndogo ya Mbeya iliyowatengenezea Tusiachane tovuti yao. Kazi yake ilikuwa kuandika majaribio, yaani maagizo yanayoifanya kompyuta ifungue tovuti yenyewe kama mtu, iandike majina, ibofye vitufe, isome kilichotokea, kisha iseme kama mambo yamekwenda sawa. Yakienda sawa unatokea mstari wa kijani. Yakikwama, mwekundu. Kila alfajiri majaribio hayo yalijiendesha yenyewe kwenye tovuti ya pembeni, nakala ambayo hakuna mwanachama aliyeiona.

Jana jioni alikuwa ameyaelekeza kwenye tovuti halisi mara moja tu, aone kwa nini watu wa Mbeya walilalamika kwamba ukurasa wa kuingilia ni mzito. Umeme ukakatika. Uliporudi, mama yake alimwita asonge ugali. Akasahau kurudisha anwani.

Alipousoma ule ujumbe alikaa sakafuni.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyetangaza," alisema Helena, mama yake, akiwa amesimama na mwiko mkononi.

"Kompyuta, mama. Ilidhani iko kwenye majaribio."

"Na jina la mama yangu ililitoa wapi?"

"Ukitangaza msiba, mfumo hutuma namba ya uhakika kwenye simu ya nyumbani kwa marehemu. Lazima simu iwe ya mwanachama, na iwe karibu, kompyuta isome namba yenyewe. Simu ya bibi ndiyo iliyokuwa karibu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka!" Helena aliweka mwiko chini ili asiutumie. "Kila asubuhi mimi namkorogea mama uji, wewe huku sebuleni unamzika!"

"Mwache mtoto anywe chai kwanza," alisema Roza.

"Mama, usimtetee!"

"Simtetei. Nasema anywe chai."

*

Jua lilipotoka watu walikuwa wameshajaa uani. Walikuja na kuni, unga, mafuta, kuku waliofungwa miguu, masufuria ya kuazima. Kila aliyeingia ilibidi aambiwe upya, na kila mmoja alilipokea jambo kivyake. Mama mmoja alimshika Roza shavu, akalibana kuhakikisha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema amefurahi sana, kisha akasema mara kadhaa kwamba amefunga duka. Mzee mmoja aliuliza kama ulanzi, ile pombe ya mianzi iliyoagizwa kwa ajili ya waombolezaji, bado utaletwa, maana hilo lilikuwa halimhusu marehemu.

Vijana wa kuchimba nao walikuwa wameshafika makaburini. Helena alikimbia huko na viatu visivyofanana. Aliwakuta shimo limewafika magotini.

"Acheni! Mama yupo hai!"

"Sasa shimo hili?" aliuliza mkubwa wao, jasho likimtoka.

"Lifukieni."

"Mama, kaburi halifukiwi tupu hivihivi. Lazima litiwe hata mgomba."

"Basi utafuteni huo mgomba!"

Walimtafutia pia kiatu chake kimoja, kilichozama kwenye tope njiani, wakamsafishia kwa majani kabla ya kumpa. Alisahau kuwashukuru. Alikuwa anakumbuka jambo jingine: kwa desturi yao chakula cha msiba hakirudi kilikotoka. Anayerudi nacho nyumbani amejibebea msiba. Vyote vilivyoletwa vingepikwa na kuliwa palepale, na wa kupika ni wao.

Severina, rafiki wa Roza tangu ujana, alifika kwa lori la nyanya kutoka Ilula. Kilio chake kilisikika tangu barabarani. Aliingia uani mikono kichwani, akajitupa chini, akaanza kugaagaa, na watu waliokuwa wakijaribu kumweleza hawakusikika. Mwishowe Roza mwenyewe alimwendea.

"Severina, inuka. Unachafua kanga nzuri."

Severina alifungua jicho moja. Aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi, kisha akampiga Roza kofi la bega.

"Shetani mkubwa wewe! Nimelia kutoka Ilula mpaka hapa! Dereva wa watu amezima redio yake kwa ajili yangu, amenipa mpaka koti lake nijifunike!"

"Kamwene, Severina."

"Usinisalimu! Sijakusamehe!" Kisha akamkumbatia, na sasa kilio kilikuwa kingine.

*

Katibu wa Tusiachane, Bwana Liberatus, alikuja amevaa koti la shughuli rasmi. Alivua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniona?"

"Nimekuona, na moyo wangu umetulia. Lakini kuna jambo." Alitoa simu yake, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. "Mfumo unasema umefariki."

"Na macho yako yanasemaje?"

"Macho yangu hayamo kwenye katiba, Mama."

Watu walicheka. Liberatus hakucheka. Alieleza, na kila alipoeleza sauti yake ilizidi kushuka. Miaka michache iliyopita mwanachama mmoja alimtangaza mama mkwe wake amekufa, watu wakaja, wakapika, kumbe mzima, taarifa ikafutwa. Mwaka uliofuata akamtangaza tena. Ndipo mkutano ulipopitisha kwamba taarifa ya msiba ikishatolewa haifutwi. Saa kumi jioni faili la marehemu hufungwa. Likifungwa limefungwa. Anayetaka kurudi ajiunge upya, na anayejiunga upya asizidi miaka sitini.

"Mimi nina sabini na kitu," alisema Roza.

"Najua, Mama."

"Hamuwezi kuandika tu kwenye karatasi kwamba nipo?"

"Karatasi tuliziacha mwaka jana. Mfumo wenyewe ukikurudisha kabla ya saa kumi, sawa, lakini hauna njia hiyo. Nikimfungulia mmoja mlango wa nyuma, kesho watakuja na mama wakwe zao."

"Kwa hiyo siku nikifa kweli?"

Liberatus alitazama viatu vyake. "Utazikwa na familia, Mama."

Familia ilikuwa Helena na Kalista. Hakuna hata mmoja aliyejua kushika jembe la kaburi.

Tusiachane ilianza mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa kijiji kipya wakajikuta wamejenga karibu na wageni, na ndugu wa kuwazika wako mbali. Roza alikuwa bi harusi, Severina jirani yake wa mlango wa pili. Tangu hapo alibeba maji na kuosha masufuria kwenye misiba ya watu ambao mara nyingine hakuwajua majina. Hakuhesabu. Alijua tu kwamba siku yake ikifika, wangekuja kama alivyokwenda. Sasa alikaa kwenye kigoda katikati ya watu waliokuja kumzika, akaambiwa kwamba hao ndio hawatakuja.

"Kalista," aliita, wala hakupaza sauti. "Una mpaka saa kumi."

*

Zubery, aliyeitengeneza tovuti yenyewe, alikuwa ofisini Mbeya. Kalista aliweka simu kwenye spika ili Liberatus asikie.

"Kitufe cha kumrudisha mwanachama nitakiandika, dada. Haichukui muda," alisema Zubery. "Lakini siweki kitu kwenye tovuti halisi mpaka majaribio yote yawe kijani. Sheria hiyo uliiweka wewe."

"Zubery, bibi yangu amekufa!"

"Najua. Pole sana."

"Hajafa!"

"Najua pia. Ndiyo maana nakwambia andika jaribio."

Kalista alikata simu, akafungua kompyuta mezani, katikati ya mafungu ya mchicha. Jaribio lilikuwa rahisi kulieleza: mtangaze mwanachama amefariki, bofya kitufe cha kumrudisha, kisha hakikisha amerudi kama alivyokuwa. Aliandika anwani ya tovuti ya pembeni, akaisoma kwa sauti, akamwita Liberatus naye aisome.

"Sasa nahitaji jina," alisema.

"La mama yangu halifi tena leo," alisema Helena kutoka jikoni.

"Mama, huku ni majaribio tu."

"Hata alfajiri yalikuwa majaribio tu!"

"Basi nipate mwanachama mwingine mwenye simu hapa."

Mwenye duka aligundua kitu cha kutazama darini. Liberatus alisema watoto wake bado wadogo. Severina alisema angekubali, ila kwao Ilula jambo kama hilo lingehitaji kwanza kikao cha ukoo. Walikuwa watu wazima waliosafiri bila kifungua kinywa kuja kumsitiri Roza, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuandikwa.

Bi Waridi alitoka jikoni, viganja vimejaa unga.

"Weka langu."

"Bi Waridi, usijilazimishe."

"Sijilazimishi. Siku yangu anayo Mungu, ameshaiandika. Hicho kikompyuta hakiongezi wala hakipunguzi." Aliiweka simu yake mezani, ikiwa na alama ya kidole cha unga. "Ila usiniache humo muda mrefu. Nina unga wa maandazi umeumuka nyumbani."

Roza alimtazama Waridi akirudi jikoni. Alichukua kitambaa, akaifuta ile simu unga taratibu, akaiweka karibu na mkono wa Kalista.

*

Kompyuta ilianza kazi yake. Ukurasa ulifunguka, herufi zikajiandika zenyewe moja baada ya nyingine, na watu waliosimama nyuma ya Kalista wakarudi hatua.

"Nani anaandika?"

"Kompyuta."

"Kwa mkono gani?"

Ikaandikwa: Waridi Makame, amefariki. Kompyuta ikangoja ile namba ya uhakika. Ikangoja. Ukatokea mstari mwekundu, na hapohapo simu ya Waridi ikalia. Namba ilikuwa imefika, imechelewa.

Kalista alirudia. Mwekundu. Akarudia. Ikapita pale, ikakwama mbele. Akarudia tena, ikakwama palepale pa kwanza.

"Ni mtandao!" alisema, akageuka. Nusu ya watu uani walikuwa na simu masikioni, kila mmoja akiwapigia ndugu zake kuwaambia Roza hajafa. "Jamani, naomba mzime simu!"

"Shangazi yangu yuko njiani kutoka Mbeya, nisimwambie?"

"Mwambie kwa ujumbe!"

"Hajui kusoma."

Severina alikuwa amevuta kiti karibu. "Hiyo mashine yako ina haraka ya nini? Iongezee muda."

"Nikiiongezea muda leo, bibi, kesho mtandao ukiwa mzito zaidi itashindwa tena. Inatakiwa ingoje mpaka namba ionekane, isiangalie saa."

"Basi iambie hivyo."

"Ndiyo ninachokiandika, bibi!"

"Usinifokee. Mimi nimefiwa."

Kalista aliinamisha kichwa juu ya meza. Mabega yalitikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Severina alimwekea koti la dereva mabegani, akaanza kuchambua mchicha uliokuwa ukimbana.

Jaribio lililofuata lilivuka pale. Namba ilifika, kitufe cha Zubery kikabofywa, watu wakashangilia. Kisha ukatokea mwekundu tena, na chini yake maneno: Umri umezidi.

Kalista aliyasoma, akampigia Zubery.

"Kitufe chako kinamrudisha kama mwanachama mpya."

"Ndiyo, ili nisiandike upya kila kitu."

"Bi Waridi amezidi sitini. Mfumo umemkataa."

"Aa," alisema Zubery.

"Aa nini? Tungekiweka hiki kwenye tovuti halisi, bibi angefungiwa kabisa!"

"Ndiyo maana ya majaribio, dada," alisema Zubery kwa upole. Kalista alitamani kumrushia fungu la mchicha mpaka Mbeya.

Zubery aliposema atarekebisha, umeme ukakatika Kihesa. Kompyuta ikabaki na betri yake. Chakula kilikuwa tayari na watu walianza kunawa. Waridi alipita na sinia.

"Bado nimekufa?"

"Bado, Bi Waridi. Samahani."

"Haya." Akapita. Baadaye akarudi na sinia tupu. "Na sasa?"

"Bado."

"Mtandao hauna adabu."

Liberatus hakula. Alikaa mlangoni akitazama saa yake, kisha akaivua, akaitia mfukoni, labda kwa kuona kwamba inamtesa kila mtu. Helena, ambaye tangu asubuhi hakuwa amezungumza na mwanawe ila kwa ukali, alikuja na sahani ya wali na paja la kuku, akaiweka kando ya kompyuta. Alipoona Kalista haachi kuandika, alivuta kigoda, akamlisha kwa mkono wake kama alivyomlisha mdogo. Wote wawili walikuwa bado wamekasirika.

Jua lilikuwa limeshaelemea upande wa pili, saa kumi bado kidogo, Zubery alipopiga. Kalista alibofya. Herufi zikajiandika. Waridi akafariki, namba ikaja, akarudishwa, na safari hii kompyuta iliendelea mbele, ikafungua orodha ya wanachama, ikalitafuta jina lake, ikalikuta pale lilipokuwa. Kijani. Yakafuata majaribio mengine yote ya zamani, na mistari ikashuka mmoja mmoja, kijani tupu.

"Bi Waridi, umerudi!" alipiga kelele Kalista.

"Alhamdulillahi," ilijibu sauti ya jikoni. "Nani amechukua kisu changu?"

Zubery alikiweka kitufe kwenye tovuti halisi. Safari hii Kalista hakuiachia kompyuta. Alibofya kwa kidole chake mwenyewe, na simu ya Roza ikapokea namba. Roza alivaa miwani, akazisoma tarakimu moja moja, kwa sauti, kama anayesoma kanisani, akirudia ile ya tatu kwa sababu mtu alikohoa.

Liberatus alikuwa ameiinamia simu yake. "Roza Kalinga," alisoma. "Mwanachama." Akanyanyua uso. "Yupo, Mama. Upo."

Alichukua birika la maji, katibu mzima na koti lake, akamnawisha Roza mikono, kisha akawanawisha wote ambao walikuwa hawajala, mmoja baada ya mwingine, mpaka maji yakaisha.

*

Watu waliondoka jioni wakiwa wameshiba na wamechoka. Mwenye duka aliaga mara mbili. Wale vijana walifunga majembe yao kwenye baiskeli, wakasema mgomba umelala vizuri. Lori la nyanya, sasa tupu, lilisimama barabarani, injini ikinguruma, na Roza akamsindikiza Severina mpaka getini.

"Miaka tisa hujakanyaga hapa," alisema Roza. "Ilula na Iringa ni mwendo wa kuanika nguo zikakauka. Mwezi wa tatu nililazwa, ukasikia."

"Nilisikia."

"Ukasikia, ukakaa. Leo umesikia nimekufa, umekuja kabla jua halijapanda. Kumbe nife kila wiki?"

Severina alijitanda kanga yake yenye vumbi. Dereva alipiga honi moja fupi, ya heshima, naye akamwinulia mkono angoje.

"Na wewe, Roza? Mara ya mwisho kuja kwangu ulikuja kumzika mume wangu Tadeo. Kabla ya hapo ulikuja kumzika mama. Unafika, unavua viatu, unaingia jikoni, unaosha masufuria mpaka yanang'aa, kisha unapanda gari la watu wa msiba. Hujawahi kukalia kiti changu."

Roza alishika nguzo ya geti.

"Nina viti vizuri," alisema Severina. "Nina kuku anayetaga. Nyumba yangu wewe unaijua ikiwa na turubai uani na wanaume wanalia. Siku nyingine haiko hivyo. Kuna kivuli kidogo, mtu anakaa."

Dereva alishuka, akamfungulia mlango, akamshika kiwiko apande. Severina alipokwisha kukaa alishusha kioo, akatoa mkono nje, akamshika Roza vidole.

"Njoo tena, Roza. Njoo siku ambayo hakuna aliyekufa."